Kabila ni Utambulisho, Kura ni Amana

Kila uchaguzi mkuu unapokaribia katika nchi yetu ya Kenya, kuna swali moja ambalo husikika sokoni, ndani ya matatu, maofisini, na kwa masikitiko makubwa, hata katika baraza za misikiti yetu baada ya sala. Swali hilo ni hili: "Safari hii wetu ni nani?" Haliulizwi swali la nani mwadilifu, wala nani mwenye ujuzi wa kazi, wala nani aliyewahi kukabidhiwa mali ya umma akairejesha ikiwa kamili. Linaulizwa la "wetu" tu, na kila mwenye kuuliza anajua kwamba mwenye kujibu atataja mtu wa kabila lake.

Sisi hatusemi kwamba kabila ni jambo la aibu. Kurani Tukufu, katika sura Al-Hujurat, aya ya 13, inatufundisha kwamba ni Mwenyezi Mungu Mwenyewe aliyewajaalia wanadamu kuwa mataifa na makabila, na sababu Anayoitaja ni watu wapate kujuana. Kisha Anaweka wazi kwamba aliye bora mbele Yake ni yule amchaye zaidi. Basi kabila ni utambulisho, mfano wa jina la mtu na jina la babaye. Lakini kura ni kitu kingine. Kura ni amana, na sura An-Nisaa, aya ya 58, imetuamuru kuzifikisha amana kwa wanaozistahiki. Anayeyachanganya mambo haya mawili hulidhulumu kabila lake na hulidhulumu taifa lake kwa pamoja. Katika tahariri hii tunapenda kueleza, kwa kuifuata historia ya nchi yetu wenyewe, ni kwa nini tunasema hivyo, na ni wajibu gani unaoziangukia jamaa za misikiti.

Yafaa tuanze na hesabu. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba Wakenya ni milioni 47.6. Kabila kubwa kuliko yote, yaani Wakikuyu, lilikuwa na watu wapatao milioni 8.1, ambao ni kama 17 katika kila 100. Baada yao wanafuata Waluhya, Wakalenjin, Wajaluo na Wakamba. Maana ya hesabu hii ni kwamba hakuna kabila hata moja nchini linalofikia hata sehemu moja ya tano ya wananchi. Kila kabila katika Kenya ni kabila la watu wachache. Mwenye kudhani kwamba kabila lake litatawala peke yake anajidanganya, na mwenye kuogopa kwamba kabila fulani litammeza anaogopa jambo lisilowezekana bila ya msaada wa wengine.

Kwa kuwa hakuna awezaye peke yake, wanasiasa wetu wamejifunza kuyafunga makabila pamoja kama mtu afungavyo mzigo wa kuni. Jambo hilo lenyewe si baya, maana kuungana ni kuzuri. Ubaya uko katika kamba inayotumika kufungia. Aghalabu kamba hiyo haiwi sera wala haki. Huwa ni mgawanyo wa vyeo miongoni mwa wakubwa wachache. Cheo kikikosekana kamba hukatika, na kuni hutawanyika zikiwapiga waliokuwa chini yake.

Tuliliona hilo waziwazi. Tarehe 27 Desemba 2002 wananchi wa makabila yote waliungana chini ya NARC wakampa ushindi Mwai Kibaki, na Rais Daniel arap Moi akaondoka kwa amani baada ya kutawala kwa miaka 24. Furaha ya siku zile haikuwa ya kabila lolote. Lakini muda haukupita, viongozi wa muungano ule wakaanza kushitakiana kwamba ahadi walizoandikiana za kugawana madaraka hazikutimizwa. Mwezi Novemba 2005, katika kura ya maoni juu ya katiba, waliokuwa pamoja walisimama pande mbili, upande wa ndizi na upande wa chungwa, na rasimu ikakataliwa. Katiba ambayo ingepaswa kuwaunganisha watu ikawa ndiyo uwanja wa kupimana nguvu za makabila.

Kilichofuata kila mtu anakijua, ingawa wako wanaotaka kisitajwe. Uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007 ulipogombaniwa, na matokeo yakatangazwa jioni ya tarehe 30 na kiapo kikafuata papo hapo, nchi iliwaka moto. Kule Kiambaa, karibu na Eldoret, wanawake na watoto waliokuwa wamekimbilia kanisani walichomwa humo tarehe 1 Januari 2008. Kule Naivasha na Nakuru, mwishoni mwa mwezi huohuo, watu wa makabila mengine waliuawa kwa kulipizwa kisasi. Kule Kisumu wengi waliuawa kwa risasi za polisi. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa, na mamia ya maelfu wakawa wakimbizi ndani ya nchi yao wenyewe. Miongoni mwa waliouawa hapakuwa na kinara hata mmoja wa siasa. Wahenga walikwisha sema: wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi.

Iko sehemu moja ya habari hii ambayo haitajwi sana, nayo ndiyo inayotugusa sisi raia wa kawaida. Tume ya Jaji Johann Kriegler wa Afrika Kusini, iliyochunguza uchaguzi wenyewe, haikuweza kusema ni nani aliyeshinda, kwa kuwa hesabu zilikwisha haribika mno. Na ilieleza kwamba uchafuzi haukufanywa na upande mmoja. Katika ngome za kila upande, mahali ambapo mawakala wa wapinzani hawakuweza kusimama kwa usalama, visanduku vilijazwa kura zisizo za haki. Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba wizi ulianzia vijijini, mbele ya macho ya majirani, na majirani wakanyamaza kwa sababu aliyeibiwa hakuwa "wetu" na aliyeiba alikuwa "wetu". Kila kijiji kiliona wizi wa kijiji cha mbali na hakikuuona wa kwake.

Hapa tunakumbushwa amri ya sura An-Nisaa, aya ya 135, inayowataka waumini wasimame imara katika uadilifu na watoe ushahidi wa haki hata kama ni dhidi ya nafsi zao, wazazi wao na jamaa zao. Aya hiyo haizungumzii ushahidi wa mahakamani peke yake. Inamhusu pia wakala katika kituo cha kupigia kura, karani anayejaza fomu ya matokeo, na mpiga kura aliyeona kwa macho yake jambo lisilo la haki likitendeka kwa manufaa ya mgombea anayempenda. Na Mtukufu Mtume s.a.w. alipowaambia masahaba wamsaidie ndugu yao akiwa dhalimu au mdhulumiwa, nao wakastaajabu vipi watamsaidia dhalimu, aliwafahamisha kwamba kumsaidia dhalimu ni kumzuia asidhulumu. Huo ndio udugu wa kweli wa kabila: kumzuia mtu wetu asiibe.

Baada ya msiba ule yamezuka maoni mawili ambayo twaona yafaa kujibiwa, kwa sababu tunayasikia pia katika jamaa zetu.

Maoni ya kwanza ni ya wale wasemao kwamba demokrasia ndiyo iliyotuletea ukabila, na kwamba zamani, chini ya chama kimoja, nchi ilikuwa na umoja. Ndugu zetu hawa wanachanganya ukimya na umoja. Kenya ilifanywa kuwa nchi ya chama kimoja kwa sheria mwaka 1982, na kifungu hicho kikafutwa mwezi Desemba 1991. Lakini hata kabla ya hapo, tangu mwaka 1969 chama cha upinzani cha KPU kilipopigwa marufuku, hapakuwa na chama kingine. Je, katika miaka hiyo ukabila ulikuwa umekufa? Tom Mboya aliuawa mwaka 1969 na nchi ikagawanyika papo hapo kwa misingi ya makabila. Mwezi Februari 1984, kule Wagalla katika wilaya ya Wajir, raia wa ukoo wa Degodia walikusanywa katika uwanja wa ndege na vyombo vya dola na wengi wakapoteza maisha. Familia zao hazikupata hata nafasi ya kulia hadharani kwa miaka mingi. Ikiwa huo ndio umoja, basi ni umoja wa makaburini. Jeraha lililofunikwa bila ya kuoshwa haliponi. Hutunga usaha, na siku kitambaa kitakapoondolewa harufu hutoka. Machafuko ya Bonde la Ufa yaliyoanza mwaka 1991 na yale ya Likoni ya mwaka 1997 hayakuletwa na uhuru wa kusema. Yaliletwa na watu waliokuwa wakiogopa kuupoteza utawala, wakaona ni heri kuwafukuza wapiga kura wa makabila mengine kuliko kuwaomba kura zao.

Maoni ya pili ni ya wale wasemao kwamba wakubwa wakipatana, basi taifa limepatana. Hatuukatai mwafaka. Mkataba uliotiwa sahihi tarehe 28 Februari 2008 mbele ya Kofi Annan, aliyesaidiwa na Benjamin Mkapa na Graça Machel, na ambao Rais Jakaya Kikwete wa Tanzania, aliyekuwa Mwenyekiti wa Umoja wa Afrika, alishiriki kuukamilisha, ulizuia damu nyingi zaidi isimwagike. Wenye kupatanisha wana ujira wao mbele ya Mwenyezi Mungu. Vivyo hivyo, Rais Uhuru Kenyatta na Raila Odinga walipopeana mikono tarehe 9 Machi 2018, joto lililokuwa nchini lilishuka. Lakini mapatano ya wakubwa hufanana na maji ya kuzimia moto: huzima, ila hayajengi nyumba. Mapatano ya mwaka 2008 yalizaa matunda ya kudumu kwa sababu hayakuishia katika kugawana viti. Yalifuatwa na tume za uchunguzi, na sheria ya utangamano wa kitaifa ya mwaka 2008, kisha na katiba mpya. Yale ya mwaka 2018 yalizaa jaribio la kuibadilisha katiba kutoka juu, na Mahakama ya Juu ikalisimamisha mwezi Machi 2022 kwa kusema kwamba rais hana mamlaka ya kuanzisha mabadiliko ya katiba kwa njia iliyowekewa wananchi. Mapatano yanayodumu ni yale ambayo aliyeko chini ameyaona, ameulizwa na ameyakubali.

Katiba iliyopitishwa katika kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010 na kutangazwa rasmi tarehe 27 ya mwezi huo ni mapatano ya namna hiyo. Inafaa kila mwenye kusali katika misikiti yetu aijue walau kwa muhtasari. Imekataza vyama vya siasa kuundwa kwa msingi wa kabila, dini, lugha au eneo. Inamtaka rais apate zaidi ya nusu ya kura zote, na pia walau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti 47, yaani kaunti zisizopungua 24. Hivyo hawezi kushinda akiwa ameng'ang'ania kwao. Imegawa madaraka na imeamuru kaunti zipate si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, ili kukosa urais kusiwe ni kukosa maji, zahanati na barabara. Na sheria ile ya utangamano inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja. Katiba hiyohiyo imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia mojawapo ya lugha mbili rasmi, lugha ambayo haimilikiwi na kabila lolote kati ya yale makubwa, na ambayo kila mtu anaweza kuingia ndani yake bila ya kubisha hodi.

Sisi Waislamu tuna sababu ya pekee ya kuikumbuka kura ile ya mwaka 2010. Mjadala mkali kuliko karibu yote ulikuwa juu ya Mahakama za Kadhi. Mahakama hizo zilikuwako Pwani kabla ya uhuru, na zilihifadhiwa katika makubaliano ya mwaka 1963 ya kuuunganisha Ukanda wa Pwani na Kenya. Hata hivyo viongozi wengi wa makanisa waliwataka waumini wao waikatae katiba kwa sababu zilitajwa ndani yake. Waislamu wa nchi hii, kwa sensa ya 2019, ni zaidi kidogo ya milioni 5, takriban mmoja katika kila watu 9. Kwa kura zetu peke yetu tusingeweza kuupitisha hata mstari mmoja. Lakini takriban theluthi mbili ya waliopiga kura walisema ndiyo, na wengi mno kati yao walikuwa Wakristo ambao hawatafika kamwe mbele ya kadhi. Walisimama mbali na wito wa viongozi wao wakaona kwamba haki ya mtu mwingine haipunguzi haki yao. Haya ni deni juu yetu. Deni hilo halilipwi kwa maneno matamu ya Idd. Linalipwa kwa sisi nasi kusimama upande wa haki ya Mkristo, na ya asiye na dini, pale ambapo kura zetu ndizo nyingi.

Historia ya kaumu yetu wenyewe ina onyo jingine. Mwaka 2007 baadhi ya viongozi wa Kiislamu walitia sahihi hati ya makubaliano na mmoja wa wagombea urais. Malalamiko yaliyokuwamo yalikuwa ya kweli. Lakini hati haikuwekwa wazi mapema, na nakala za uongo zikaenezwa zikidai kwamba Wakenya wote wangewekwa chini ya sharia. Hofu ikapandwa nchi nzima, na Waislamu wakafanywa dubwana la kutishia wapiga kura. Fundisho lake ni kwamba haki za jamii hudaiwa mchana, mbele ya watu wote, kwa hoja ambazo hata asiye Mwislamu anaweza kuzikubali. Jambo la haki likifanywa kwa siri huonekana kuwa la hila.

Na ni kweli kwamba madai yapo. Kwa miongo mingi vijana wa Kaskazini Mashariki na wa baadhi ya sehemu za Pwani walipitishwa katika kamati za uhakiki kabla ya kupewa kitambulisho, huku mwenzao wa wilaya nyingine akipewa kwa kuonyesha cheti tu. Ilikuwa Februari 2025 ndipo Rais William Ruto alipotangaza, akiwa Wajir, kwamba uhakiki huo umefutwa. Mfuko wa Usawazishaji uliowekwa na katiba kwa ajili ya maeneo yaliyosahauliwa ulikawia miaka mingi kuanza kazi. Lakini tazama pia mema yaliyopatikana kwa kudai kwa amani. Wamakonde, ambao walitembea kwa miguu kutoka Kwale kuelekea Ikulu mwaka 2016, walitambuliwa kuwa raia mwaka uliofuata. Wapemba waliokuwa wakivua samaki katika pwani ya Kwale na Kilifi kwa vizazi, bila ya kitambulisho wala haki ya kupiga kura, walitambuliwa mwaka 2023. Hawa hawakuwa na wingi wa kumtisha mwanasiasa yeyote. Walikuwa na haki, na walikuwa na majirani na wanasheria wa makabila mengine waliosema nao. Taifa hupanuka pale neno "wetu" linapopanuka.

Tunapaswa pia kuona kwamba nchi yetu imepiga hatua. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, iliufuta ushindi wa rais aliyekuwa madarakani, jambo ambalo halikuwahi kutokea barani Afrika. Mwaka 2022 mshindi alitangazwa kwa asilimia 50.49, makamishna 4 kati ya 7 wa tume ya uchaguzi wakayakana matokeo, na bado shauri lilikwenda mahakamani, likaamuliwa tarehe 5 Septemba, na watu wakarudi makazini. Ulinganishe mwaka huo na 2007. Tofauti yake haiko katika wema wa wanasiasa. Iko katika kuwako kwa mlango ambao mwenye kinyongo anaweza kuubisha. Lakini asilimia 50.49 ina maana pia kwamba karibu nusu ya wapiga kura hawakumtaka aliyeshinda. Serikali inayoitendea nusu hiyo kama maadui waliotekwa inaandaa vita vya uchaguzi ujao kwa mikono yake.

Na mwezi Juni 2024 vijana walijitokeza barabarani kupinga Mswada wa Fedha, wakitangaza kwamba hawana kabila. Makumi yao walipoteza maisha, nasi twaona kwamba damu ya kijana asiye na silaha ina haki ya kufanyiwa uchunguzi bila ya kuulizwa jina la ukoo wake. Hatukubaliani na uharibifu wa mali uliofanywa na baadhi ya watu katika siku zile. Lakini kizazi kilichozaliwa karibu na mwaka 2002 kilitufundisha jambo: bei ya unga haina kabila, na kodi haimwulizi mtu lugha ya mama yake.

Wako wanaosema kwamba haya ni ya Nairobi, na kwamba mtu wa msikiti wa mtaani hana la kufanya. Hao twawaelekeza Wajir. Mapema katika miaka ya 1990, koo za Kisomali katika wilaya ile zilikuwa zikiuana, na uhasama ukaingia hadi sokoni, ambako mwanamke wa ukoo huu hakuweza kununua kwa mwanamke wa ukoo ule. Wanawake wachache, Waislamu wenye hijabu zao, miongoni mwao Dekha Ibrahim Abdi, walianza na soko hilo. Walikubaliana kwamba sokoni kila mmoja atauza na atanunua bila ya kuulizwa ukoo, wakaweka watu wa kuangalia na kusuluhisha. Kutoka hapo wakawaendea wazee, kisha vijana waliokuwa na bunduki, kisha wakuu wa serikali. Mwaka 1995 juhudi hizo zikawa kamati rasmi ya amani ya wilaya, na mfano wake ukaigwa kwingineko nchini. Dekha alipewa Tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007, na machafuko yalipozuka baada ya uchaguzi wa mwaka ule alikuwa miongoni mwa raia waliofanya kazi usiku na mchana kuyatuliza. Mwenyezi Mungu alimchukua mwaka 2011. Hakuwa na cheo cha siasa. Alianza na mahali alipokuwa akinunua maziwa.

Na tunakumbuka Desemba 2015, magaidi waliposimamisha basi kule Mandera wakawaamuru Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu walikataa. Baadhi ya wanawake waliwafunika wenzao Wakristo kwa nguo zao, na watu wale wakawaambia washambuliaji kwamba watauawa wote au wataachwa wote. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku ile, na Januari 2016 akafa kwa majeraha yake. Hao hawakusoma kitabu juu ya umoja wa kitaifa. Walijua tu kwamba mtu uliyesafiri naye si wa kukabidhiwa muuaji.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, tunaziomba jamaa za misikiti zizingatie mambo yafuatayo.

Kwanza, mimbari isikodishwe. Mgombea akija msikitini na aje kusali, akae safu moja na wengine. Mchango wake, kama anao, uandikwe katika daftari na usomwe mbele ya jamaa, wala usiwe bei ya hotuba. Imamu anayetaja jina la mgombea juu ya mimbari ameuza kitu kisicho chake.

Pili, tujichunguze sisi wenyewe. Yapo mahali ambapo kamati ya msikiti ni ya kabila moja au ukoo mmoja kwa miaka mingi, na mwenzao wa kabila lingine husali hapo kama mgeni, hata akiwa amezaliwa mtaa uleule. Tutawezaje kuidai serikali igawe vyeo kwa haki ilhali sisi tumeshindwa kugawa viti saba vya kamati? Aus na Khazraj wa Madina walikuwa na damu ya miaka mingi baina yao, na Mtukufu Mtume s.a.w. aliwafanya safu moja ya Ansari. Kisha katika Hati ya Madina akaweka haki na wajibu wa kila kundi, Waislamu na Wayahudi, kwa maandishi. Hakuyafuta makabila. Aliyaweka chini ya ahadi.

Tatu, tusiwe njia ya uvumi. Sura Al-Hujurat, aya ya 6, inatuamuru tuchunguze habari kabla hatujawadhuru watu kwa ujinga tukaja kujuta. Mwaka 2007 chuki ilienezwa kwa ujumbe mfupi wa simu. Sasa ina picha na sauti pia. Mwenye kusambaza asichokijua ameshiriki.

Nne, vijana wetu waadilifu wajitolee kuwa mawakala, makarani na waangalizi, na kila msikiti uwausie kwamba atakayeona wizi wa upande wake aukatae kwa sauti ileile ambayo angeukataa wa upande mwingine.

Tano, kila jamaa, kabla ya msimu wa kampeni, iwatembelee majirani wasio Waislamu, kanisa lililo karibu na wazee wa makabila yaliyoko mtaani, wakubaliane mapema ni nani atakayempigia nani simu usiku moto ukiwaka. Waliofanya hivyo mwaka 2008 waliokoa mitaa yao. Kuanza kujuana siku ya moto ni kuchelewa.

Sisi hatuna chama tunachokiita watu kukiingia. Tunachosema ni kwamba nchi yenye makabila mengi haiokolewi na kabila lililo bora, kwa kuwa hakuna kabila bora. Huokolewa na watu wa kila kabila ambao, pale haki inapogongana na "wetu", huchagua haki. Watu hao wakipatikana hata kumi katika kila msikiti na kumi katika kila kanisa, hakuna mwanasiasa atakayeweza kuiwasha nchi hii tena.

Ewe Mwenyezi Mungu, uijaalie nchi yetu kuwa nchi ya amani, uwape viongozi wetu hofu Yako na uwape wananchi wetu ushujaa wa kusema kweli dhidi ya nafsi zao. Uwarehemu waliouawa bila ya hatia, wa kila kabila na kila dini, na utujaalie tuzifikishe amana kwa wanaozistahiki. Amin.